Kuchomelea P91 bila kuiua: mwongozo kamili wa joto kwa mafundi wa mabomba ya mvuke

Mafundi wenzangu habari za kazi. Hii mada imenikaa kichwani muda mrefu manake kila nikikutana na kijana anayetoka shatidauni (mtambo ukisimamishwa kwa matengenezo) huko Ghuba au anayejiandaa kwenda, swali linakuja lilelile, "kaka, P91 ina ugumu gani, si bomba tu, ruti napiga tigi, najaza na fimbo, eksirei inapita, basi?" Hapana. P91 ni chuma cha mabomba ya mvuke mkali, na ruti ni ile pasi ya kwanza ya ndani ya weldi. Eksirei inaona tundu, inaona slegi (takataka za fimbo), inaona ufa ukiwa umekaa vizuri, lakini haioni kama chuma bado kina nguvu yake. P91 unaweza kuichomelea ikapendeza kama sarafu zimepangwa, ikapita eksirei, ikapita jaribio la maji, halafu ikaja kupasuka miaka mingi baadae ikiwa na mvuke wa nyuzi 560 ndani, na mvuke wa namna ile ukivuja hauonekani kwa macho, unasikia mlio tu na unakata mtu.

Nitaongelea P91 zaidi, P22, chuma chenye kromi kidogo kuliko hiki, nitaigusa njiani. Na niseme mapema, kama kazi yako ni mabomba ya mvuke wa ardhini kama kule Olkaria, joto la pale ni dogo sana kwa habari hii, chuma cha kawaida kinatosha na hofu yako iwe kutu. Mimi naongelea mvuke wa nyuzi 500 kwenda juu, yaani boila za makaa ya mawe na zile boila zinazokaa nyuma ya tabaini za gesi zikitumia joto la moshi wake.

Kwanza elewa umeshika nini mkononi

P91 ina kromi kama 9% na molibdeni 1%, halafu kuna vitu vidogo ambavyo ndo siri yenyewe, vanadi karibia 0.2%, niobi haifiki hata 0.1%, na naitrojeni kidogo. Wamarekani waliitengeneza pale Oak Ridge miaka ya 1970 na ikaingia kwenye kodi za ASME, yaani kanuni za Wamarekani za boila na mabomba, miaka ya 1980. Kiwandani bomba linapashwa mpaka nyuzi 1,040 hadi 1,080, likipoa hewani linageuka martensaiti, ngumu kupita kiasi na inavunjika kama kigae, ndo wanalipasha tena nyuzi 730 hadi 800 kulilainisha. Kwenye hilo joto la pili ndo vinazaliwa vichembe vidogo sana, vingine vinajipanga kwenye mipaka ya punje za chuma, vingine vya vanadi na niobi vinatawanyika ndani ya punje. Vichembe hivi vinafanya kazi ya misumari, vinashikilia chuma kisiteleze.

Kwanini kiteleze? Manake chuma kikikaa kwenye joto kali huku kimebanwa na presha kinaanza kurefuka pole pole, siku hadi siku, bila kuongezewa mzigo wowote. Hiyo ndo kripu. Kwenye baridi P91 inavumilia angalau MPa 585 (MPa ni kipimo cha mzigo kwa eneo) kabla haijakatika, lakini kwenye nyuzi 600, ukitaka idumu masaa 100,000, yaani miaka 11 na kidogo, mzigo wa karibia MPa 90 tu unaimaliza. Bomba lileile. Kwahiyo hata hiyo nguvu iliyobaki ni ya misumari, na misumari iliwekwa kwa joto lililopimwa, sasa wewe unakuja na arki inayochemsha chuma mpaka kinakuwa uji.

Ukikata kiungo cha weldi, ukikisugua mpaka king'ae kama kioo na kukipaka asidi kidogo, utaona kabisa mistari. Katikati weldi yenyewe. Pembeni yake sehemu iliyoiva sana, punje zimenenepa, ni ngumu balaa. Inafuata sehemu yenye punje ndogo ndogo. Halafu kuna kamstari kembamba ambako joto lilifika kati ya nyuzi 820 na 900 hivi, chuma kikaanza kubadilika lakini hakikumaliza. Baada ya hapo bomba la asili. Ukanda wote huo, ambao kwenye makaratasi unaandikwa HAZ, yaani ukanda ulioguswa na joto la weldi, una upana wa milimita 2 mpaka 4 tu. Hako kamstari ka nje kakumbuke, nitakarudia mwisho.

Kabla hujawasha mashine

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha bomba ni P91 kweli. Usiamini rangi iliyopakwa, usiamini storikipa. Chukua cheti cha kiwanda, linganisha hiti namba (namba ya chuma kilichoyeyushwa pamoja) iliyogongwa kwenye bomba, halafu piga ile bunduki ya kupima madini. Ila ujue bunduki haisomi kaboni wala naitrojeni, inakwambia kromi ipo basi, haikwambii kama bomba lilipikwa vizuri, kwahiyo pima na ugumu. Bomba jipya zima liko kati ya 190 na 250 kwa kipimo cha Brinell. Ukipata 160 simama hapohapo, hilo bomba limeshalegea kabla hujaligusa na hakuna weldi itakayoliponya.

Hatua ya pili ni kukata. Mashine ya kukwangua ni bora kuliko moto. Ukilazimika kutumia plazma au gesi basi pasha kwanza, na baadae ule ukingo ulioungua uukwangue wote mpaka uone chuma kisafi. Na tafadhali sana, usijaribu fimbo kwa kuigusisha pembeni ya bomba, lile doa dogo la arki linapoa sekunde moja na kubaki gumu kama glasi, ufa unaanzia hapo. Kama bomba halilingani usilipashe kwa tochi ulivute na cheni, watu wanafanya hivyo kwenye chuma cha kawaida na kinavumilia, P91 haivumilii.

Hatua ya tatu, fimbo na waya. Fimbo ni E9015-B9, waya wa tigi ni ER90S-B9. Fimbo zikaangwe kwenye oveni nyuzi 300 hadi 350 kwa saa moja au mbili kadiri mtengenezaji alivyoandika kwenye boksi, halafu zikae kwenye kile kibebeo cha moto mpaka dakika unayoiweka kwenye koleo. Kwa sisi tunaofanya kazi pwani, iwe Mtwara, Mombasa au Muscat, hewa yenyewe ni maji, fimbo iliyolala nje nusu siku usiitumie. Maji kwenye fimbo ni haidrojeni kwenye weldi, haidrojeni kwenye martensaiti ni ufa. Halafu soma cheti cha fimbo, jumlisha mangani na nikeli. Ikikaa kwenye 1% uko salama, ikipanda kuelekea 1.5% ile nyuzi ambayo chuma kinaanza kubadilika inashuka chini ya 800, na hiyo itakubana ukifika kwenye hitingi ya mwisho, yaani kupasha kiungo tena baada ya weldi ili kilainike.

Kupasha na kuchomelea

Nyuzi 200 ndo mwanzo, sio 120 sio "imeshika moto tayari". Tumia pedi za kauri zilizofungwa kuzunguka bomba, tochi ya gesi inapasha upande mmoja huku mwingine ukiwa baridi na unajidanganya. Pima kwa chaki ya joto au themokapo (nyaya za kupimia joto), mbali kidogo na ukingo, angalau milimita 75, na kama unaweza pima na ndani, manake bomba nene juu linaweza kusoma 200 wakati ndani ni 130. P22 inasamehe, 150 inatosha kwa kawaida.

Ndani ya bomba lazima agoni, gesi ya kufukuza hewa, ipite kwa nyuma. Chuma chenye kromi nyingi hivi ukiruti bila agoni upande wa ndani unatoka ukoko mweusi kama sukari guru iliyoungua, na ukoko ule ni mlango wa nyufa. Usifunge agoni baada ya ruti tu, iache mpaka upite pasi ya pili na ya tatu.

Sasa joto la katikati ya pasi. Chini lisishuke 200, juu lisivuke 300 (kodi nyingi zinakubali hata 350 ila mimi nabaki na 300). Hapa welda mwenye haraka ndo anaharibu, anataka kumaliza kabla ya chakula cha mchana, anapiga pasi juu ya pasi, bomba linafika 400. Shida ni nini? P91 inaanza kugeuka martensaiti ikishuka karibia nyuzi 400. Ukiwa juu ya hapo muda wote, pasi zako zote zinakaa hazijageuka, zinasubiri kugeuka zote kwa mpigo mwishoni, na hakuna pasi iliyomlainisha mwenzake wa chini.

Piga pasi nyembamba zilizonyooka, usisuke mkono kwenda mbele nyuma kwa upana. Na ujue unamwaga joto kiasi gani, hesabu ni nyepesi: volti mara ampea mara 60, gawanya kwa mwendo wa milimita kwa dakika, gawanya tena kwa 1,000. Mfano volti 24, ampea 120, mwendo milimita 120 kwa dakika, unapata 1.44, hizo ni kilojuli kwa kila milimita. Ukipunguza mwendo mpaka 70 tu, bila kugusa mashine, umeshafika karibia 2.5. Kwahiyo sapvaiza anayekagua ampea bila kushika saa na rula hajakagua kitu.

Na usiache kazi njiani. Hili nimelilipia mwenyewe. Miaka ya nyuma kidogo tulikuwa na kiungo cha bomba nene, ukuta kama milimita 30, tumejaza nusu, usiku jenereta ya mashine ya hitingi ikazima na mlinzi hakumwambia mtu. Bomba likapoa lenyewe, likalala na umande. Asubuhi mimi nikaliona kavu, jua limeshatoka, nikaamua tulipashe tuendelee. Kabla ya kuanza nikasema ngoja nipake dai nyekundu, ile rangi inayoingia kwenye nyufa, kwa ajili ya moyo wangu tu. Nikafuta, nikapuliza ile poda nyeupe, tukasubiri. Kama dakika tano hivi kikatokea kimstari chekundu chembamba kuliko unywele katikati ya weldi, kinafuata bomba, urefu wa kidole changu cha kati. Tulikata kiungo kizima. Mpaka leo nikifikiria kwamba ningejaza juu yake nakosa raha.

Kwahiyo kama lazima usimame, usiache bomba lishuke hivi hivi, lipandishe kwenye nyuzi 260 hadi 350 lipike masaa kadhaa haidrojeni itoke, halafu lifunge kwa blanketi lishuke taratibu, na likauke, likauke kabisa. Maji na weldi ya P91 ambayo haijapata hitingi ya mwisho ni maadui, chuma kigumu chenye mvutano ndani yake kikiguswa na unyevu kinapasuka chenyewe. Wajerumani walilipa gharama kubwa na ndugu yake anayeitwa T24 kwenye mtambo wa umeme wa Walsum 10, Duisburg, chuma kilichosifiwa kwamba mirija yake myembamba haihitaji hitingi baada ya weldi, boila ikiwa kwenye majaribio karibia 2010 viungo vikaanza kupasuka na mtambo ukachelewa miaka. Suluhisho mojawapo waliloliona lilikuwa kuipasha boila nzima.

Poza kwanza, halafu ndo upashe

Hii hatua wengi wanairuka na inaniuma sana. Umemaliza weldi, bomba lina nyuzi 250, mtu anasema si tunataka kwenda 760, kwanini tupoteze muda kushuka, tupandishe moja kwa moja. Inaonekana akili ila ni kosa kubwa. Kwenye 250 bado kuna sehemu ya chuma haijageuka martensaiti. Ukiipandisha hivyo, ile sehemu inapita kwenye hitingi bila kulainishwa, halafu ukishapoza mwishoni ndo inageuka, ngumu mpya kabisa, na hitingi umeshamaliza, pedi zimefunguliwa, watu wamesaini.

Kwahiyo shuka taratibu chini ya nyuzi 100, kwenye 80 hadi 100 hivi, shikilia kama saa moja au mbili kulingana na unene mpaka joto liwe sawa ndani na nje, ndo upandishe. Usishuke kwenye baridi kabisa ukaacha usiku kucha, tumeshaona umande unafanya nini.

Hitingi ya mwisho

Weldi ya P91 kabla ya hitingi ina ugumu wa 400 hadi 450 kwa kipimo cha Vickers. Lengo ni kuishusha mpaka kwenye 200 na kitu, vichembe vizaliwe upya. Joto la kufanyia kazi ni kama 750 hadi 760, masaa 2 au zaidi kwa bomba nene, fuata karatasi ya utaratibu wako. Ukishapita 300 panda taratibu, nyuzi 100 kwa saa au pungufu kwa ukuta mnene, na kushuka vivyo hivyo.

Watu wanauliza tofauti ya nyuzi 30 inafanya nini. Kuna hesabu ya zamani inayounganisha joto na muda, ukiifanya kwa 760 kwa masaa 2, halafu ukauliza kwenye 730 nihitaji muda gani nipate ulaini uleule, jibu ni masaa 8. Kwahiyo aliyekupa 730 kwa masaa 2 hajakupa hitingi. Na upande wa juu ni hatari zaidi, ukivuka pale chuma kinapoanza kubadilika, 800 na kitu, au chini ya hapo kama fimbo ina mangani na nikeli nyingi, umeshatengeneza weldi mbovu nyingine ndani ya weldi, na kurudia hitingi ya kawaida hakusaidii.

Sasa themokapo, hapa nitakaa kidogo. Ni nyaya mbili, kila moja inashikizwa peke yake kwenye bomba kwa ile mashine ndogo ya cheche, zikae karibu karibu, milimita chache tu kati yake, zisiguse sehemu nyingine. Ukishashikiza weka kipande cha blanketi la kauri juu ya ncha, ndo ulaze pedi. Ukisahau hicho kipande, themokapo inasoma pedi badala ya bomba. Pedi iko 760, mashine inaona 760 inapunguza umeme, bomba chini yake liko 700 na chini zaidi. Chati inatoka imenyooka, nzuri, kila mtu anasaini, na weldi bado ni ngumu. Kwa bomba kubwa lililolala weka themokapo angalau nne, juu, chini, na pembeni mbili, na pedi za juu na za chini ziwe na kontrola tofauti manake joto linapanda, chini siku zote linachelewa. Mimi nikiletewa chati ambayo laini ya juu na ya chini zimelaliana tangu mwanzo mpaka mwisho bila kuachana hata nyuzi 5, naanza kuuliza maswali. Ziba na miisho ya bomba, upepo ukipita ndani unakuwa kama bomba la moshi, unaiba joto lote.

Kosa la hitingi sio la fundi wa uchochoroni tu. Pale mtambo wa umeme wa Medupi, Afrika Kusini, ilibidi maelfu ya weldi za boila yafanyiwe kazi upya karibia 2013 baada ya kuonekana hitingi haikufuata utaratibu.

Pima ugumu, usikisie

Kwangua nusu milimita hadi milimita moja, ngozi ya juu imepoteza kaboni na itakudanganya ni laini. Pima weldi, pima pande zote mbili za weldi, pima na bomba la mbali. Namba zikikaa kati ya 200 na 270 Vickers moyo unatulia. Juu ya 300 hitingi haikufika, unaweza kurudia. Chini ya 190 hapo shida ni kubwa, imelegea na huwezi kuirudisha kwa pedi, inakatwa. Kile kipimo cha mkononi cha kudundisha kinasoma vibaya kwenye mirija myembamba, kwahiyo kwa mirija tafuta cha aina nyingine.

Hako kamstari ka nje

Hata ukifanya yote niliyoandika, kale kamstari kalikobadilika nusu kanabaki dhaifu. Misumari pale imenenepa na kupungua, na hitingi ya 760 hairudishi. Ufa wa pale unaitwa Taipu IV, jina linatokana na mpangilio wa nyufa waliouandika Wajerumani mwaka 1974. Ukivuta kipande cha majaribio kwenye baridi kinakatikia kwenye bomba la kawaida na kila mtu anafurahi, manake kale kamstari kanaonyesha udhaifu wake kwenye joto na muda tu. Vitundu vidogo vinaanzia ndani ya ukuta, vinaungana, na ufa unapotokeza nje umeshamaliza kazi. Njia pekee ya kukafuta ni kuingiza kipande kizima tanurini, kukipasha tena 1,050 na kukilainisha upya, inawezekana kwa kipande kilichotengenezwa karakana, kwenye bomba lililoshafungwa sahau.

Kwahiyo kinachobaki ni kukapunguzia mzigo. Injinia anayechora akumbuke kodi ina punguzo la nguvu ya weldi kwenye joto hili. Kiungo kisikae kwenye kona inayovutwa. Na wewe wa matengenezo, kila shatidauni kabla ya kukimbilia weldi zunguka kwanza kwenye zile spring zinazoning'iniza bomba, angalia mshale uko namba ngapi baridi na ulikuwa ngapi moto, spring iliyokwama inamwaga uzito wa bomba lote kwenye weldi ya jirani. Hiyo weldi ndo ya kwanza kupigwa altrasoniki (kipimo cha mawimbi ya sauti), kutokea upande wa bomba, ukilenga ule ukanda wa milimita 2 hadi 4, na chati yake ya hitingi ya siku ya kwanza iwe mkononi mwa anayepima.